Meza Iliyopungua Sentimita Tano

Kila asubuhi, watu wa nyumba ile waliingia jikoni kwa zamu. Mama alitangulia, akawasha jiko la gesi na kuteleka maji ya chai. Alipotoka, Chapu aliingia kuosha vikombe. Chapu naye alipotoka, mdogo wake wa miaka minne alisukuma mlango kuuliza kama chai imeiva. Ikitokea wawili wamekutana mle ndani, mmoja alilazimika kutoka kinyumenyume kama lori lililokosea njia.

Jina Chapu halikuwa la kwenye cheti. Nyumbani walianza kumwita Chapuchapu kwa sababu hakuna kazi aliyoifanya polepole, kisha jina lenyewe likafupishwa ili kuokoa muda. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alifagia mbiombio, akaoga mbiombio, na daftari lake la hesabu lilijaa majibu sahihi yaliyoandikwa kana kwamba mwandishi wake alikuwa akifukuzwa.

Chumba cha jikoni hakikuwa kidogo kupita kiasi. Kilichokiponza ni mpangilio. Mlango ulifungukia ndani, ukala pembe nzima. Kabati kubwa la miguu mifupi lilijaza ukuta wa dirishani, limesheheni sufuria ambazo nusu yake hazikuwa na kazi. Jiko lilikaa juu ya stuli. Mama alikatia vitunguu kwenye kibao alichokipakata mapajani. Na sufuria ya moto ikishateremshwa ilikuwa na mahali pamoja tu pa kutua, napo ni chini sakafuni, nyuma ya mlango.

Jumatatu moja mama aliteremsha sufuria ya maji yaliyochemka, akaitua palepale pa siku zote, akageuka kuchukua majani ya chai. Mdogo wake Chapu akaja kwa kishindo chake cha kila siku na kuusukuma mlango. Mlango ukaigonga sufuria, maji yakaruka, yakamwangukia mguuni.

Ukelele wake uliwafikia majirani. Mama alimnyakua, akakimbia naye hadi bombani, akauweka ule mguu chini ya maji baridi yanayotiririka.

“Chapu, tazama saa! Niambie dakika ishirini zikitimia.”

“Mama, tumpake dawa ya meno!”

“Hapakwi kitu. Maji tu. Tazama saa!”

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Chapu aliona jinsi dakika ishirini zilivyo ndefu.

Kwenye zahanati, muuguzi aliukagua mguu na kuufunga bendeji safi. “Mmefanya vizuri kutumia maji,” alisema. “Wengi wanakuja hapa wamepaka kila kitu isipokuwa maji. Mguu utapona. Ila niambieni, aliungulia wapi?”

Mama akaeleza habari ya sufuria na mlango. Muuguzi akatikisa kichwa. “Basi jiko likibaki vile, mama, tutaonana tena hapa.”

Mama alimbeba mwanawe mgongoni, akaenda njia nzima midomo ameibana. Chapu aliujua uso ule. Mama akiukunja hivyo, jambo limeshakatiwa shauri.

Jioni baba alipiga simu. Alikuwa dereva wa malori, na safari zake zilimchukua wiki mbili mbili. Aliposikia yaliyotokea alisikitika sana. “Subirini nirudi,” alisema, “nitaliangalia hilo jiko.”

“Ukirudi utaangalia lililokwisha,” mama akamjibu.

Mama alikuwa fundi cherehani, na ufundi wake ndio alioanza nao. Alisogeza viti vya sebuleni, akachora sakafuni kwa chaki umbo la jikoni kwa ukubwa wake halisi, mlango na dirisha vikiwemo. Kisha akakata magazeti ya zamani kama anavyokata ruwaza za kukatia nguo. Gazeti moja likawa kabati, jingine jiko, jingine sinki. Akaanza kuyahamisha huku na huku, pini zimejaa mdomoni.

“Mama, unaishonea nyumba gauni?” Chapu aliuliza.

“Nyumba hii imevaa nguo ya kubana miaka mingi. Naipanua kwapani.” Akalisogeza gazeti la kabati hadi nje ya mstari wa chaki. “Hili litakaa ukumbini. Mlango utafungukia nje. Na hapa chini ya dirisha, ukuta hadi ukuta, nataka meza moja ndefu. Jiko liwe huku mwishoni, juu yake. Sufuria ikitoka motoni itelezeshwe tu, isipite hewani, isifike sakafuni. Haya, ingia, jifanye unapika.”

Chapu akaingia ndani ya mstari wa chaki, akapika hewa. Mama akaingia, akaosha vyombo visivyoonekana. Mdogo wake naye, mguu wake mweupe kwa bendeji, akaketi katikati yao akidai chai. Walitosha wote, na hakuna aliyegongana na mwenzake.

Kilichobaki kilikuwa ni kumwita fundi seremala, na fundi hawakuwa na haja ya kumtafuta mbali. Kaka mkubwa wa mama alikuwa na karakana upande wa pili wa mji. Siku hizo alikuwa ameanza kazi kubwa ya kutengeneza madawati arobaini ya shule, na hakuwa na nafasi mpaka Jumamosi.

“Ubao ninao,” alisema kwenye simu, sauti yake ikisikika sebule nzima. “Ule mpana, mgumu, usio na fundo hata moja. Wateja wameulilia miaka, nikawakatalia. Kumbe ulikuwa unamngoja mpwa wangu aungue mguu. Nitaukata huku kwenye msumeno wa umeme, Jumamosi nije kuufunga. Nileteeni kipimo Alhamisi.”

“Mimi nitapima!” Chapu akadakia.

Mama alimtazama kwanza. Alikuwa na rundo la sare za kushona, lakini hata hivyo alisita. Mjomba ndiye aliyesema, “Mpe simu.” Kisha akamwambia Chapu polepole, “Sikiliza, mpwa wangu. Kuta ni kama watu. Huku wamenyooka, huku wana kitambi. Usipime mara moja ukaridhika. Pima chini sakafuni, pima kiunoni meza itakapokaa, pima na juu kidogo. Niandikie vipimo vyote vitatu. Umenielewa?”

“Nimekuelewa, mjomba.”

Na kweli alielewa. Jumatano alasiri aliingia jikoni na tepu ya kupimia, kalamu sikioni kama fundi. Kupima chini kulikuwa rahisi. Alilala kifudifudi, akaipitisha tepu chini ya kabati, kati ya miguu yake, kutoka ukuta huu hadi huu. Sentimita mia mbili kumi na tatu. Akaandika.

Kupima kiunoni ndiko kulikokuwa na shughuli. Kabati lilikuwa limesimama njiani. Ilibidi kwanza atoe sufuria zote, chupa zote, na masinia yaliyopangwa hadi juu, kisha alisogeze. Alifungua mlango wa kabati, vifuniko viwili vikamwangukia miguuni. Wakati huohuo akasikia sauti za wenzake nje.

“Chapu! Tuko sita, bado wewe tu! Mpira unaanza!”

Akalitazama kabati. Akalitazama dirisha. “Ukuta ni ukuta,” akajiambia. “Chini na kiunoni kuna tofauti gani?” Akainama juu ya karatasi, akaandika tena mia mbili kumi na tatu, na chini yake mia mbili kumi na tatu nyingine. Kisha akatoka mbio, na siku ile timu yake ikashinda.

Kesho yake alipeleka karatasi karakanani.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, fundi mwenzangu. Lete nione.” Mjomba aliishika karatasi mbali na uso, akaisogeza karibu, akaisogeza tena mbali. “Vyote vitatu sawa? Nyumba yenu ilijengwa na malaika?”

Chapu akacheka kidogo. “Ndivyo ilivyotoka, mjomba.”

“Ulipima kote kutatu?”

“Kote.”

Neno lenyewe lilimtoka kirahisi, hata yeye mwenyewe hakulisikia vizuri. Mjomba akaitundika karatasi kwenye msumari, akarudi kwenye madawati yake.

Jumamosi nyumba iliamka mapema. Mama alihamishia sufuria zote uani, na kabati likatolewa kwa kusukumwa, kuvutwa na kubembelezwa. Mjomba alipofika na ubao na fremu yake juu ya mkokoteni alianza na mlango. Alihamisha bawaba, akaugeuza ufungukie nje, na papo hapo chumba kikaonekana kama kimevuta pumzi. Akasimamisha fremu ya miguu chini ya dirisha. Halafu wakauleta ubao. Mama aliupapasa kwa kiganja jinsi anavyopapasa kitambaa cha bei.

“Kaka, ubao huu umeupendelea.”

“Shika huko. Teremsha. Taratibu, taratibu.”

Ubao ukatua juu ya fremu. Upande wa jiko uligusa ukuta barabara. Upande wa pili haukugusa. Vidole vitatu vya mtu mzima vilipita katikati ya ubao na ukuta bila kusuguana na kitu.

Mjomba alichomoa tepu, akapima ukuta palepale meza ilipokaa. “Mia mbili kumi na nane,” alisema taratibu. Akapima ubao. “Mia mbili kumi na tatu.” Akapima upya. Tepu haikubadili maneno.

Chapu alikuwa amesimama karibu na sinki. Macho yake yalishuka yenyewe mpaka sakafuni, nyuma ya miguu ya fremu, na hapo akaona kitu ambacho hakuwahi kukitazama tangu azaliwe. Chini ya kuta, pande zote mbili, kulikuwa na ukingo mnene wa saruji uliotokeza nje. Tepu yake ilikuwa imepima kutoka ukingo hadi ukingo.

“Chapu,” mjomba akamgeukia, “jana nilichanganyia gundi juu ya ile karatasi, imekwisha kazi. Nikumbushe, uliniandikia ngapi?”

Chapu alimtazama mama, kisha akautazama ubao.

“Mia mbili kumi na nane.”

“Zote tatu?”

“Zote tatu.”

Mjomba aliitikia kwa kichwa, kidogo kidogo. Kisha akaipindua ndoo, akaikalia.

“Tatu na nane,” alisema. “Nimeiona nane nikasoma tatu. Si mara moja, mara tatu.”

“Kaka, si nilikwambia ukapime macho?”

“Uliniambia, dada. Nikajifanya bado kijana.” Aliinua mikono yake miwili, akaitazama mbele na nyuma. “Ubao tu si neno. Ninawaza yale madawati. Dawati likikosewa kipimo, mtoto wa watu anakaa amepinda mgongo mwaka mzima. Na ule msumeno wa umeme hautofautishi kidole na mbao. Mtu asiyejua tatu na nane hana haki ya kuuwasha. Jumatatu nitampa fundi mwenzangu ile kazi, aimalize.”

“Usikate shauri leo, umechoka.”

“Nimeshakata.”

Akaondoka hata chai hakunywa. Alisahau randa yake ya kulainishia mbao dirishani, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kusahau chombo nyumbani kwa mtu.

Jumapili walipikia uani. Mama hakukaa kulalamika. Alipanga mawe matatu, akawasha moto, na katikati ya kupika alikuwa anaingia jikoni na kutoka, akishika kiuno, akitafuta njia. “Jiko hili litaisha,” alisema. “Liwe na ubao ule au mwingine, litaisha.” Lakini alipoiona randa pale dirishani aliichukua, akaifuta vumbi kwa kanga.

“Kaka ni fundi tangu mimi nina umri wako,” alimwambia Chapu. “Baba yetu alipokuwa mgonjwa, kwetu tulikula kwa mikono ile. Sasa ataamka asubuhi afanye nini?”

Chapu aliinamia sahani yake. Maharage yalikuwa yale yale anayoyapenda, ila alimsogezea mdogo wake. Alijifariji kwamba hakuna atakayejua. Karatasi imeshaliwa na gundi. Ukingo wa saruji hakuna anayeutazama. Mjomba mwenyewe ameamini. Kila alipoyahesabu mambo hayo ili atulie, alizidi kutotulia, kwa maana yote yalikuwa kweli. Hakuna mtu ambaye angekuja kujua. Mjomba angezeeka akiamini kwamba macho yake yalimsaliti, na mtu pekee duniani aliyeweza kumwambia vingine alikuwa yeye.

Jumatatu kengele ya kutoka ilipolia hakungoja wenzake. Alipiga moyo konde, akaelekea karakanani moja kwa moja. Alikwenda mbio, kisha akatembea, kisha akaburuza miguu, na alipofika mlangoni ilibaki kidogo ageuke.

Msumeno ulikuwa kimya. Fundi mmoja mnene alikuwa akipakia mbao za madawati kwenye gari, na mjomba alikuwa akimwandikia vipimo kwenye karatasi, akiandika kila tarakimu kubwa kama ya mtoto wa chekechea.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Umefuata nini? Mama yako hajambo?”

“Hajambo. Mjomba…” Fundi mnene alikuwa anatazama. Chapu alitamani aondoke kwanza, akajua kwamba akingoja aondoke hatasema tena. “Mjomba, macho yako hayana ubaya. Niliandika mia mbili kumi na tatu.”

Mjomba alisimamisha kalamu. “Unasema?”

“Niliandika tatu. Ulisoma vile vile nilivyoandika. Sikupima kiunoni. Sikupima juu. Nilipima chini tu, kabati lilikuwa limejaa, na wenzangu waliniita mpirani. Nikaandika namba ileile mara tatu. Halafu Jumamosi ukaniuliza, nikaogopa, nikasema nane.” Sasa machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakuacha. “Umeona sawasawa, mjomba. Mimi ndiye niliyesema uongo.”

Mjomba aliiweka kalamu juu ya mbao.

“Mara mbili,” alisema. “Hapa ulinidanganya mara moja, kule kwenu ukanidanganya mara ya pili.”

“Ndiyo.”

“Unajua nililala vipi siku hizi mbili?” Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulivumilia. “Nilikuwa nafumba jicho moja nasoma kalenda ukutani. Nafumba la pili. Naziona namba zote, halafu sijiamini. Umenizeesha kabla ya siku zangu, mtoto wewe.”

“Nisamehe, mjomba.”

Mjomba aliondoka, akaenda hadi dirishani, akawapa mgongo. Chapu alisimama palepale. Fundi mnene alijikuna shingo, akakohoa. “Sasa mimi,” aliuliza, “nipakie au niteremshe?”

Mjomba akageuka. Uso wake ulikuwa bado umekunjamana, lakini mabega yalikuwa yamenyooka. “Teremsha, rafiki yangu. Teremsha zote. Samahani kwa usumbufu.” Kisha akamwambia Chapu, “Futa machozi. Twende kwa mama yako, lakini mimi sitakusemea. Utasema mwenyewe, kama ulivyosema hapa.”

Mama alisikiliza habari yote mguu wake ukiwa juu ya pedali ya cherehani. Ilipokwisha, alikata uzi, akaukunja mkono wa sare aliyokuwa akishona, akaiweka pembeni.

“Kosa la kipimo ningelisamehe kabla hujamaliza kulitaja,” alisema. “Mimi mwenyewe nimeshawahi kushona suruali ya mguu mmoja mrefu. Lakini uliniona namwambia kaka akapime macho, ukanyamaza. Hilo limeniuma, Chapu. Mpira hutacheza wiki hii. Mikono yako inahitajika hapa.” Akasimama. “Haya. Kilichobaki ni kazi. Kaka, nguo ikimbana mteja kiunoni siitupi. Naiongezea mkanda.”

“Mbao si kitambaa, dada. Haishonwi.”

“Kile kipande ulichokikata kiko wapi?”

Mjomba aliinua kichwa. “Nimepanga makopo ya rangi juu yake.”

“Basi yahamishe makopo.”

Mjomba alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Kipande alichokileta jioni ileile pamoja na vifaa vyake kilikuwa cha ubao uleule, upana uleule, na mistari ya mti ilikuwa ikiendelea kutoka kimoja hadi kingine. Lakini kabla ya kukigusa alimpa Chapu tepu.

“Anza upya.”

Safari hii hakukuwa na kabati, ila Chapu hata hivyo hakukimbia. Alipima chini, akaandika mia mbili kumi na tatu. Akapima kiunoni, akaandika mia mbili kumi na nane. Akapanda kwenye stuli, akapima juu, ikatoka mia mbili kumi na saba na nusu. Akamwonyesha mjomba ukingo wa saruji.

Mjomba alichuchumaa, akaugusa. “Aliyejenga hapa hakutaka maji ya kudekia yaule ukuta. Fundi mzuri. Na mimi Jumamosi, kwa hofu yangu, nilikuwa nimeinamia tepu tu, sikuangalia miguuni pangu. Kila mmoja wetu ana la kujifunza.”

Mjomba alikata ukanda wa sentimita tano kutoka kwenye kipande, akatoboa matundu, akapachika vijiti vya mbao, akapaka gundi, akabana kwa jiriwa ili gundi ishike mpaka kesho yake. Kilichofuata kilikuwa cha Chapu. Kiungo kilipaswa kusuguliwa kwa msasa mpaka mkono ukipita juu yake usihisi kitu, maana pakibaki hata ufa mwembamba, makombo na maji ya nyama vitajificha humo na kuleta maradhi.

Alisugua Jumanne alasiri mpaka vidole vikamwuma. “Nimemaliza,” alisema. Mjomba akafumba macho, akapitisha kidole. “Bado.” Alisugua Jumatano. “Bado kidogo.” Alhamisi wenzake walikuja mlangoni na mpira.

“Chapu, hata nusu saa?”

“Nendeni tu. Nina kazi.”

“Kazi gani hiyo ya siku tatu?”

“Ya siku nne,” Chapu akajibu, akabadilisha karatasi ya msasa.

Ijumaa mjomba alifumba macho tena, akapitisha kidole kutoka mwisho huu hadi mwisho huu wa meza. Alirudia. Kisha akafumbua macho na kuuliza, “Kiungo kiko wapi?” Chapu aliruka juu, nusura aukanyage mguu wa mdogo wake wenye bendeji mpya.

Jumamosi ubao ulitua kutoka ukuta hadi ukuta na kukaa kimya, haukupungua wala kuzidi. Jiko likawekwa mwishoni. Sufuria zinazotumika zikapanda kwenye rafu mpya ukutani, na zisizo na kazi zikagawiwa kwa majirani. Mama aliteleka maji, na yalipochemka akaitelezesha sufuria kwenye meza, ikatulia mbali na mlango na mbali na miguu ya mtu yeyote. Aliiacha pale kwa muda, akaitazama tu.

Siku ile walikuwamo wanne ndani. Mama alikatakata mboga amesimama wima, kibao mbele yake. Chapu alimenya viazi. Mdogo wake alihesabu maganda kwa sauti, akiruka kutoka saba hadi kumi na moja. Mjomba alikunywa chai karibu na dirisha, miwani puani. Alikuwa amekwenda kupima macho hata hivyo, kwa kuwa, alisema, ameshaogopa tayari na hofu isiende bure. Daktari wa macho alimwambia haoni vizuri maandishi madogo ya karibu, jambo la kawaida kwa umri wake, ila nane na tatu anazitofautisha vyema. Madawati kumi na mawili yalikuwa yameshakamilika.

“Mjomba,” Chapu aliuliza bila kuinua macho, “nisingesema, ungekuja kujua?”

“Kamwe.”

“Hata siku moja?”

“Hata siku moja. Ningeweka msumeno chini, na ningekufa nikijua nilistahili kuuweka.” Mjomba alitua kikombe. “Nisikilize, mpwa wangu, kwa sababu jambo hili sitalirudia. Mkono wako ulipokosea, uliharibu ubao, na ubao tumeuunga. Ulimi wako uliposema uongo, uliharibu imani yangu kwa macho yangu mwenyewe. Kwa hilo sina gundi. Liliponywa na kitu kimoja tu, nacho ni wewe kuja pale mlangoni kwa miguu yako, mbele ya mtu usiyemjua, wakati ungeweza kunyamaza salama. Umesugua mbao siku nne mpaka vidole vikachubuka, lakini kazi ngumu kuliko zote wiki hii uliifanya Jumatatu, na uliifanya vizuri. Siku ukikosea tena, maana utakosea kama sisi sote, sema siku hiyohiyo. Usimwachie mtu mwingine aubebe mzigo wako.”

“Nimesikia, mjomba.”

“Umesikia au umeelewa?”

Chapu aliinua macho, akamtazama usoni. “Nimeelewa.”

“Basi nisogezee hicho kisu cha pili,” mjomba alisema, akikunja mikono ya shati, “viazi bado vingi, na nafasi ipo.”